Mashine Iliyompata Kila Mtu

Mjomba wangu hakuwahi kumwambia mtu hapana. Mtaa wetu wote wa Mtoni ulimpenda kwa hilo, na mimi nilimkasirikia kwa hilo hilo, maana aliyekuwa akihangaika na matokeo ya zile ndiyo zake nilikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni, na nchi ilikuwa imeacha wazi milango na madirisha. Nilikuwa mpiga chapa katika shirika la umma. Likauzwa, pamoja na meza zake, mapazia yake na mkorosho uliokuwa uani, ila sisi wapiga chapa mnunuzi hakututaka. Nilirudi nyumbani na kikombe changu cha chai na barua ya kunishukuru. Mjomba akaniangalia, akacheka.

"Usilie, mwanangu. Siku hizi ruksa. Sie tunafungua biashara."

Neno ruksa wakubwa walikuwa wameshaacha kulitamka, lakini kwake lilikuwa halijachuja. Tangu soko huria lilipofunguliwa alikuwa ameikaribisha nyumbani kila biashara iliyopita Barabara ya Kilwa. Aliuza nguo za mitumba, ila kila aliyesifia shati alipewa. Akafungua duka la kuazimisha kanda za video, akaziazimisha kweli, hadi leo ziko huko zilikoazimwa. Akanunua friza la kutengenezea barafu, majirani wakamwomba wahifadhi samaki wao humo, naye angewaambiaje hapana? Watu wa Mtoni wakanywa maji baridi yenye harufu ya kibua kwa msimu mzima. Baada ya hapo akaamua kuleta intaneti.

Makochi yalitolewa nje barazani, na sebuleni zikaingia kompyuta za mtumba kutoka Dubai, zile za kioo kikubwa chenye kisogo. Mkewe alizifumia vitambaa vyenye maua ya waridi, kila moja na cha kwake, kama inavyofanyiwa televisheni katika nyumba inayojiheshimu. Mlangoni tukabandika tangazo la kuwataka watu wavue viatu, kwa kuwa tuliambiwa kompyuta haipendi vumbi. Watu walivua, wakaingia kwa miguu mitupu wakinong'ona, wengine wakitoa pole kabla hawajakumbuka kwamba hapakuwa na msiba. Laini ya simu ilikuwa moja. Dada yake mkewe mjomba akipiga kutoka Kunduchi kueleza bei ya samaki, intaneti ya Mtoni nzima ilikatika.

Kazi yangu ilikuwa kuwafungulia watu mtandao. Programu ya kufungulia, ile tuliyokuwa tunaiita brauza, ilipofunguka ilileta yenyewe ukurasa wa kutafutia. Ulikuwa ukurasa wa kimaskini, mweupe, una kisanduku katikati. Unaandika neno, unabonyeza, unaambiwa neno hilo limeandikwa wapi na wapi duniani. Kama halijaandikwa popote, unaambiwa halipo. Niliupenda. Bosi wangu wa shirikani hakuwahi kunijibu wazi namna ile.

Asubuhi moja nikawasha, badala ya ukurasa wetu ukaja mwingine kabisa. Umepakwa rangi kama jukwaa la harusi, nyota zinawaka na kuzima, na juu umeota ubao mwembamba wenye sura inayotabasamu. Nikaandika neno la kujaribu, "mchele". Ukanijibu kwa herufi kubwa nyekundu, kwa Kiingereza, kwamba wanao mchele, tena kwa bei ya chini kuliko kote. Nikaandika "mbingu". Mbingu pia walikuwa nazo.

"Mjomba, nani kaichezea hii?"

"Hakuna aliyeichezea. Kuna mtu alikuja akaomba."

"Mtu gani?"

"Humo ndani." Akaonyesha kioo kwa kidevu. "Katokea hapo katikati, kaandika kwa adabu kabisa, kaniuliza kama napenda awe ananisaidia kutafuta. Palikuwa na ndiyo na hapana. Nikambonyezea ndiyo."

"Kwa nini?"

"Mtu kabisha hodi nyumbani kwangu, mie nimwambie rudi ulikotoka? Wewe umelelewa wapi?"

Nililelewa humo humo ndani, na yeye mwenyewe. Nikaingia kwenye mipangilio, nikafuta anwani ya yule mgeni, nikaandika ya ukurasa wetu, nikahifadhi. Nikajisifu kimoyomoyo. Kesho yake nilipowasha, nyota zikawaka. Nikafuta tena, zikarudi tena. Ilinichukua muda kutambua kwamba kumbe jamaa hakuja kutembea, alihamia. Alikuwa amejiandikisha kwenye orodha ya programu za kompyuta, na kila tulipozima na kuwasha alirudisha vitu vyake alivyotaka vikae. Nikamfuata huko huko kwenye orodha, nikabonyeza pa kuondolea. Akaniletea ile sura yake, safari hii inalia machozi, akauliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Akauliza tena. Sijaona mpangaji anayehamishwa kwa kelele kiasi kile.

Alikaa nje siku chache tu. Mteja mmoja alifungua kurasa za mpira, mgeni akapenyea huko huko, akabisha hodi kwa adabu ile ile, na mjomba alikuwa karibu.

"Karudi yule," akaniambia kwa furaha. "Labda alisahau kitu."

Hapo ndipo alipokuja bibi wa vitumbua.

Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mjane, na vitumbua vyake vilikuwa chai ya asubuhi ya mtaa mzima. Mwanawe wa pekee alikuwa amezamia meli. Vijana wengi walikuwa wakifanya hivyo, wanajipenyeza bandarini, wanajificha melini, wakiamini watatokea Ulaya. Wengine walituma picha wamevaa makoti. Huyu aliacha ujumbe kwa rafiki yake kwamba mama asiwe na wasiwasi, na baada ya hapo kimya. Bibi alishakwenda kwenye geti la bandari mpaka walinzi wakamjua, alishatangaza redioni, na alishasomesha dua. Siku hiyo alivaa kanga mpya, akaacha ndala zake mlangoni, akanyoosha mikono mbele yetu kutuonyesha kwamba hana mafuta.

"Nasikia nyie humu mnatafuta watu."

Nilikuwa namwelekeza mteja mwingine. Mjomba akampokea, akamketisha, akaandika kwa kidole kimoja majina matatu, la kijana, la baba na la babu, kama tulivyozoea. Akabonyeza. Nyota zikawaka, na majina yote matatu yakatokea kwa herufi nyekundu, kubwa kama za bango la kampeni. Bibi alikuwa amesoma elimu ya watu wazima, hayo aliweza kuyasoma mwenyewe.

"Jina lake hilo! Wanasemaje?"

Kiingereza cha mjomba kilikuwa kizuri. Alitafsiri bila kuongeza wala kupunguza. "Wanauliza, unamtafuta fulani bin fulani? Halafu wanajibu wenyewe: tunaye."

"Wanaye?"

"Wanaye. Tena kwa bei nafuu kuliko kote."

"Bei ya nini?"

Mjomba akafikiri. "Itakuwa nauli."

Nilitupa nilichokuwa nacho mkononi nikaenda, lakini nilikuwa nimechelewa. Bibi alikuwa ameshashuka kitini, ameelekea Kibla, paji la uso liko juu ya zulia letu. Nilisimama kando yake. Nani angeinama pale amwambie?

Jikoni nilimkalia mjomba kooni. "Lile ni tangazo la biashara. Linamwambia hivyo kila mtu, kwa kila kitu."

"Mie nimetafsiri kilichoandikwa."

"Si umwambie ni uongo!"

"Mama wa watu kafurahi, mie ndio niende nikamwambie hapana?" Akanitazama kama nimemwomba akampige.

Basi nikaenda mimi. Nilimkuta uani anakaanga, anaimba. Kabla sijafungua mdomo akaniwekea vitumbua kwenye kisahani.

"Kula kwanza. Vipi, umeshapata mchumba?"

"Bado, bibi."

"Na kazini, hawajakurudisha?"

"Bado."

Shirika lilikuwa limeshageuzwa ghala la matairi, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Lakini kwetu hakuna anayejibu hapana kwa maswali kama hayo. Nikala, nikajikaza, nikamweleza kila kitu: kwamba ile mashine imeingiliwa, kwamba ni muuza bidhaa anayechukua jina lolote unaloliandika na kukurudishia. Alinisikiliza hadi mwisho huku akigeuza vitumbua.

"Mwanangu, mie nimeliona jina lake kwa macho yangu. Nimelisoma mwenyewe." Akasema pia, bila kunitazama, kwamba ameshamwita dalali. Kile kiwanja cha Kiwalani alichoachiwa na marehemu mumewe anakiuza, apate hiyo nauli. Kilikuwa kitu pekee alichokuwa nacho duniani ukiondoa kikaango.

Habari ilishazagaa. Kesho yake viatu vilijaa mlangoni vikateremka ngazi za baraza mpaka barabarani, na mjomba akawa mfasiri wa siku nzima. Mwanamke mmoja alimtafuta mume aliyekwenda machimboni Mererani. Tunaye. Kinyozi alitafuta baiskeli yake iliyoibwa. Tunayo, tena mpya. Mzee aliyestaafishwa kwenye kiwanda kilichouzwa aliandika neno moja tu, pensheni, na mashine ikamjibu kwa herufi nyekundu kwamba pensheni wanayo na achukue leo hii kabla haijaisha. Wazee wenzake walipiga makofi hadi mkewe mjomba akaja kuhamisha vikombe vyake. Kijana fulani akaandika maji ya bomba Mtoni. Tunayo! Nimesikiliza kampeni za kila rangi ya bendera, na sijawahi kuona maji ya bomba yakiahidiwa kwa herufi kubwa kiasi kile.

Nilimng'oa mgeni jioni ile ile. Asubuhi wazee wa pensheni walirudi, wakapata ukurasa mweupe unaosema hakuna.

"Jana ilikuwepo," mmoja akasema.

"Huyu binti kaipoteza," akasema mwenzake, na wote wakanigeukia.

Niliwaeleza kwa Kiswahili chepesi kabisa. Waliniuliza kama ninajua kuliko kompyuta. Waliniuliza nimetumwa na nani. Serikali ilikuwa imewanyima pensheni kwa miaka, hawakuwahi kwenda kuizingira vile walivyonizingira mimi. Mjomba akasogea taratibu nyuma ya migongo yao, akamkaribisha mgeni upya. Nilitoka nje nikakaa kwenye makochi ya barazani, na kwa mara ya kwanza tangu nipunguzwe kazi nililia, kwa hasira tupu.

Bibi hakuwa kwenye ile vurugu. Lakini alikuwepo siku jirani wa ng'ambo ya barabara alipomtafuta mbuzi wake aliyepotea kabla ya Idi. Mashine ikasema inaye. Jirani akachekelea, watu wakapeana mikono. Bibi hakucheka. Mbuzi yule hakuwa amepotea, aliibwa na vijana wa mtaani, na bibi alijua vizuri kwamba aliliwa, kwa sababu viazi vya mchuzi wa mbuzi huyo walikuja kuvikaangia kwake. Nilimwona anakitazama kioo, kisha anamtazama jirani, kisha anakitazama kioo tena. Akaondoka bila kuaga.

Siku aliyokubaliana na dalali, bibi alikuja mapema. Dalali mwenyewe alibaki barazani na mkoba wake, hakutaka kuvua viatu. Bibi akampita mjomba aliyeshasimama kumpokea, akaja kukaa kwangu.

"Niandikie jina."

Nikaanza kuandika la kijana, kidole changu kilikuwa kimeshalizoea.

"Silo hilo." Akanitajia majina mengine matatu. La mwanzo lilikuwa la pili katika yale ya mwanawe.

"Nani huyu, bibi?"

"Wewe andika."

Nikaandika, nikabonyeza. Nyota zikawaka. Majina yakaja mekundu, yanapepesa. Mjomba akajikohoza tayari kutafsiri, bibi akamnyooshea kiganja bila kumgeukia.

"Wanasemaje?" akaniuliza mimi.

"Wanasema wanaye."

"Kwa bei nafuu?"

"Kuliko kote."

Akakunja kanga yake mapajani, akaikunjua. "Huyo ni mume wangu. Mie ndiye niliyemfumba macho."

Watu waliacha kuandika. Hata yule mzee wa pensheni, aliyekuwa kiti cha pili, aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Huyu muongo," bibi akasema. "Mtoeni."

Nilinyoosha mkono, lakini bibi akanizuia. "Siyo wewe. Aliyemkaribisha ndiye amtoe."

Mjomba akaja. Nilimwonyesha orodha, nikamwonyesha pa kubonyeza. Alikuwa anatoka jasho kama aliyeambiwa achinje. Alibonyeza, ile sura inayolia ikatokea, ikamwuliza kama ana hakika. Mjomba akanitazama.

"Anaomba."

"Naona."

"Anasema atatukumbuka."

"Mjomba, bonyeza."

"Samahani sana, ndugu," akakiambia kioo, kwa sauti ya chini, akabonyeza. Sura ikauliza mara ya pili. Bibi akatoa mdomoni ule mlio wa kufyonya ambao mama zetu hawahitaji kuufuatisha na maneno, na mjomba akabonyeza haraka, macho ameyafumba. Hiyo ndiyo hapana pekee niliyowahi kumwona akimwambia kiumbe yeyote, na aliiambia mashine, na hata hivyo usiku alikosa hamu ya kula.

Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikaingia kwenye mipangilio, nikarudisha anwani yetu ya zamani, nikahifadhi, nikazima tena na kuwasha tena nihakikishe. Ukaja ule ukurasa mweupe. Bibi alikuwa anangoja, mgongo umenyooka, miguu yake mitupu imekaa sambamba juu ya zulia.

"Sasa muulize huyu. Lile la mwanangu."

Nikaandika majina matatu. Tulisubiri, laini ya simu ikalia kimluzi chake, ukurasa ukajivuta polepole kutoka juu kwenda chini. Hapakuwa na wekundu wala nyota. Palikuwa na mstari mmoja mwembamba mweusi wa Kiingereza, unaosema kwamba jina hilo halikupatikana popote, na kwamba hakuna.

"Wanasemaje?"

Nilimtaka mjomba asogee aseme yeye. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amepata kazi upande mwingine wa chumba. Niliusoma ule mstari tena, labda kuna neno nimelipita. Hapakuwa na neno.

"Bado," nikamwambia.

Bibi akautazama ule mstari kwa muda, kutoka mwanzo wake hadi mwisho, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akatafuta ndala zake kati ya viatu vya watu. Nilimsikia akimwambia dalali kwamba kiwanja hakiuzwi na ampe mnunuzi pole kwa usumbufu.

Wiki iliyofuata akarudi, na iliyofuata. Alikuja Ijumaa baada ya sala, mikono imeoshwa, na viti vyetu vilikuwa vitupu kwa sababu wengine wote walihamia kwenye intaneti za kwingine, ambako nasikia yule mgeni alikuwa anaishi vizuri na pensheni zilikuwa zinapatikana. Niliandika yale majina matatu, tukasubiri, akauliza wanasemaje, nikamjibu neno lile lile. Hivyo hivyo hadi mjomba alipozifunika kompyuta kwa vile vitambaa vya waridi, akarudisha makochi ndani na kuleta vifaranga wa kisasa. Na katika Ijumaa zote zile, hakuniomba hata mara moja nimsomee mstari wote.